Kabla hujala pilau yake, muulize korosho

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Newala

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya vijana na kina mama wa Mkunya. Nayaandika hapa kwa ajili yako msomaji ambaye hukuwepo. Nimepunguza salamu tu.)

Ndugu msomaji, nianze na swali jepesi. Hivi mbunge wako alichaguliwa lini?

Najua utanijibu Oktoba 29, 2025. Hebu fikiri tena. Kwa majimbo mengi ya huku kwetu kusini, kazi ilikwisha Agosti 4, siku ambayo wajumbe wa CCM walipiga kura za maoni, vikao vya juu vikakaa baadaye na kugonga mhuri. Kilichofuata Oktoba kilikuwa kama ndoa ambayo mahari imeshalipwa na shehe ameshaondoka, wewe unaitwa kuja kupiga vigelegele. CHADEMA ilikuwa imeshafungiwa nje tangu Aprili kwa kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini. Siku yenyewe ya kura ikaisha kwa damu, intaneti ikazimwa, na wakazi wa Dar es Salaam wakaamriwa wasitoke nje usiku.

Na usidhani ni jambo la 2025 peke yake. Mwaka 2020 hapo jirani Ruangwa wananchi hawakupewa hata karatasi ya mbunge, maana Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangazwa kupita bila kupingwa tangu Agosti. Kwa hiyo mtu wa Ruangwa aliyetaka kumchagua mbunge wake mwaka ule, nafasi pekee ilikuwa ndani ya ukumbi wa CCM mwezi Julai. Nje ya ukumbi ule, kwisha habari.

Sasa wapo watakaoniambia: wewe kijana, gazeti hili ni la upinzani, kura za maoni za chama tawala zinakuhusu nini? Wachaguane, wapeane hongo, watoane macho, sisi tunatazama. Nasema zinatuhusu, tena sana, kwa sababu katika nchi hii hakuna mlango mwingine. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani kudai haki ya mgombea binafsi. Mwaka 1994 Mahakama Kuu kule Dodoma ikampa ushindi. Wakubwa wakakimbilia Bungeni mwaka huo huo wakabadili Katiba ili hukumu isiwe na meno. Mahakama Kuu ikampa tena ushindi mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua. Akaenda Mahakama ya Afrika kule Arusha, na Juni 2013 majaji wakasema wazi kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake. Mtikila alifariki Oktoba 2015 bila kuona mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura. Mpaka leo kila anayetaka ubunge lazima abebwe na chama, na huku kwetu chama chenye mlango ulio wazi kwenda Dodoma kila mtu anakijua.

Basi kama mlango ni huo, tuulizane mtu anaulizwa nini pale mlangoni.

Zamani waliulizwa. Wazee wangu waliokuwa na akili zao mwaka 1965 watanisahihisha, lakini utaratibu ulikuwa hivi: watu walijaza fomu, mkutano wa TANU wa wilaya ukawapigia kura, Halmashauri Kuu ikabakiza wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Halafu wale wawili walipandishwa jukwaa moja. Hapakuwa na kutembea na magari usiku. Walipelekwa pamoja mkutano hadi mkutano, wakazungumza Kiswahili, wakaulizwa maswali na mtu yeyote aliyekuwa na mdomo. Ilikuwa marufuku kutaja kabila au dini. Tena ilikuwa marufuku kudai kwamba Mwalimu Nyerere anakupenda kuliko mwenzako. Leo sikiliza watia nia wetu! Sentensi ya kwanza ni Rais, ya pili ni Rais, ya tatu ni "nimekuja kumsaidia Rais". Kazi aliyopewa mbunge na Katiba, ya kuisimamia Serikali, hata haigusi.

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Siusifii mfumo wa chama kimoja. Wale wa jembe na nyumba hawakuruhusiwa kupinga siasa ya chama, wakabaki kushindana kwa barabara, visima na zahanati. Lakini walau walisimama mbele ya watu, na watu wakatumia nafasi hiyo vizuri: mwaka ule mawaziri waliangushwa, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa akishika Wizara ya Fedha.

Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, CCM imejaribu kila namna. Mwaka 2010 na 2015 kila mwenye kadi alipiga kura. Kadi zikageuka bidhaa. Mwaka 2020 wakarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, watia nia wakawa wengi kupita kiasi, majimbo mengine yalikuwa na watu makumi, kila mmoja akapewa dakika chache za kujieleza, jina, elimu, watoto wangapi, asanteni sana. Mtu anaweza kusema sera gani kwa dakika hizo? Ndipo ukazaliwa ule msemo ulioenea nchi nzima kwamba wajumbe si watu wazuri. Walioushangilia ni wale waliokula hasara, maana walilisha watu wasiowapigia kura.

Mwaka 2025 wakapanua, wajumbe wakashuka hadi kwenye matawi. Majina yakachujwa kwanza juu, wachache wakabaki, vigogo kama January Makamba wakakatwa hapo hapo. Waliobaki wakazungushwa pamoja kata kwa kata kabla ya Agosti 4. Unaona? Jembe na nyumba zimerudi kwa mlango wa nyuma! Nami nasema hilo lilikuwa jambo jema, ingawa watani zangu wa upinzani watanikunjia uso. Ubaya ni kwamba waliozungushwa hawakuulizwa kitu chenye uzito. Wajumbe niliozungumza nao wanakumbuka nani alitoa nauli na nani alikuwa mkavu. Kuhusu nani alisema nini juu ya ushuru wa korosho, kimya.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu kalenda. Kura za maoni zinapigwa Julai au Agosti. Wewe wa Mkunya unajua Julai ni mwezi gani. Mikorosho inatoa maua, ubwiri unga unanyemelea, salfa inatakiwa leo si kesho, palizi inataka vibarua, na fedha ya msimu uliopita ilikwisha zamani. Korosho haijaanguka hata moja. Ni wakati ambao kangomba anapita na bakuli lake kununua korosho zikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya kumwonea mtu huruma. Na ni wakati huo huo mtia nia anapita na bahasha. Elfu kumi ya Julai si sawa na elfu kumi ya Novemba. Mfuko wa salfa mwezi Julai unamfunga mtu ulimi kuliko ng'ombe mzima mwezi Desemba. Sijui kama waliopanga kalenda walifikiria hivyo, lakini kwa mlaghai imekaa vizuri mno. Mtia nia na kangomba wote wawili wananunua kitu ambacho hakijaiva.

Sheria ipo. Mwaka 2000 Bunge liliihalalisha rushwa kwa kuipa jina tamu la takrima, Mahakama Kuu ikaitupilia mbali Aprili 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na hiyo inagusa hata uteuzi ndani ya vyama, si kampeni za nje peke yake. Lakini sheria haina macho ya kuona kilichotokea nyuma ya nyumba ya mjumbe saa tano usiku.

Sasa tuje kwenye korosho yenyewe, maana hapo ndipo unapoona hasara ya kumchagua mtu bila kumjua msimamo.

Sheria ya Korosho ya mwaka 2009 iliweka ushuru kwa anayesafirisha korosho ghafi nje: asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa zaidi. Fedha hiyo iligawanywa. Asilimia 65 ilikwenda kwenye mfuko wa kuendeleza zao, yaani pembejeo, utafiti wa Naliendele, ubanguaji na mambo kama hayo. Asilimia 35 ilikwenda Hazina. Huo ni mpango wenye akili, kwani korosho inayopanda meli ikiwa na ganda lake inapeleka India na Vietnam kazi ambayo ingefanywa na binti wa Newala.

Juni 2018 Serikali ikapeleka Bungeni mabadiliko: fedha yote iende Mfuko Mkuu wa Hazina. Ndugu msomaji, msimu uliokuwa umetoka kwisha ulivunja rekodi, zaidi ya tani 300,000, na bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Chungu kilikuwa kimejaa, ndipo kikachukuliwa. Wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walipiga kelele pamoja, Nape Nnauye wa Mtama akiwa mstari wa mbele. Walishindwa. Wabunge wa chama tawala kutoka mikoa isiyo na mkorosho hata mmoja waliitikia ndiyo, sheria ikapita.

Yaliyofuata yako kwenye mifupa yetu. Oktoba mwaka huo wakulima wa TANECU, Newala na Tandahimba, walikataa kuuza mnadani kwa sababu bei haikufika hata 3,000. Novemba 10 Rais Magufuli aliwaondoa Waziri wa Kilimo Charles Tizeba na wa Viwanda Charles Mwijage. Novemba 12 akatangaza kwamba Serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakaja kubeba. Watu walishangilia! Halafu likaja neno uhakiki. Ukiwa na kilo nyingi ulitakiwa uonyeshe shamba, vinginevyo wewe ni kangomba. Januari 2019 tukaambiwa kampuni ya Kenya iitwayo Indo Power itanunua tani laki moja. Mkataba ukasainiwa mbele ya kamera, korosho hazikuondoka. Wapo waliosubiri malipo hadi msimu uliofuata ukaingia, watoto wakiwa wamerudishwa shule kwa michango. Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Madaftari ya mwaka ule nayajua.

Baadaye, mwaka 2022, Serikali ya awamu ya sita ilikubali kurudisha sehemu ya ushuru kwenye zao, na pembejeo za ruzuku zikaanza kugawiwa. Tunashukuru, mwenye haki apewe haki yake. Lakini kilichorudishwa kwa hisani ya waziri mmoja kinaweza kuondolewa kwa kalamu ya mwingine. Nani atakayesimama siku hiyo? Hapo ndipo swali la msimamo linapokuwa na maana. Miaka miwili tu baada ya vita ile ya ushuru zilikuja kura za maoni za Julai 2020. Ulikuwa wakati wa kumuuliza kila mtia nia: ungekuwa Bungeni Juni 2018, chama kikakuambia sema ndiyo, ungesema nini? Swali moja tu. Linatosha kuchuja ukumbi mzima.

Jibu utakalopewa nalijua. "Nitatekeleza ilani ya chama." Jibu hilo ni la kukwepa, ndugu msomaji. Usilipokee. Muulize ilani inasema nini kuhusu ushuru wa korosho ghafi, igawanywe kwa asilimia ngapi, na je, atakubali iandikwe kwenye sheria ili isitegemee hisani. Akisema stakabadhi ghalani ni nzuri, muulize nzuri kwa nani. Mimi naamini ni nzuri kuliko kangomba, na ilipoanza Mtwara msimu wa 2007/08 ilimpa mkulima mahali pa kusimama. Lakini Aprili 2013 kule Liwale nyumba zilichomwa kwa sababu ya malipo ya pili yaliyopungua, kwa hiyo utaratibu unaosifiwa mjini unaweza kuwa moto kijijini. Anayesema atakomesha kangomba aeleze mama mwenye mgonjwa mwezi Machi atakopa wapi. Asipokuwa na jibu hapo, anachotaka ni kumwondoa mnunuzi mmoja aache njaa palepale.

Na viwanda. Newala na Masasi tulijengewa viwanda vya kubangua miaka ya sabini kwa mikopo ya Benki ya Dunia, wakati nchi ilikuwa imevuna tani 145,000 msimu wa 1973/74. Uvunaji ukaanguka, viwanda vikalala. Awamu ya tatu, chini ya mtoto wetu wa Lupaso, Benjamin Mkapa, vikauzwa, vingine vikageuka maghala ya kuhifadhia zile korosho ghafi vilizotakiwa kuzibangua. Kila uchaguzi mtia nia anasema "nitaleta kiwanda". Viwanda si vilikuwepo? Aseme kwanza vile vya zamani vilikufaje, ndipo tumsikilize kuhusu kipya.

Maji na barabara sitavisema sana. Mradi wa Makonde una umri kuliko Uhuru na bado tunajadili ndoo; lami ya Mnivata, Newala hadi Masasi mikataba yake ilisainiwa 2023, tunaiangalia. Haya kila mtia nia anayaunga mkono, hakuna atakayesimama kupinga maji, kwa hiyo hayakusaidii kumjua mtu.

Msije mkadhani kwamba kwetu upinzani hali ni safi. Mwaka 2015 vyama vya UKAWA viligawana majimbo mezani Dar es Salaam, na mgombea urais akawa Edward Lowassa, aliyehamia CHADEMA Julai 28 baada ya jina lake kukatwa Dodoma, mtu ambaye viongozi wetu wenyewe walimtaja Mwembeyanga mwaka 2007 kwenye orodha ya mafisadi. Nani aliulizwa? Hapa hapa wilayani Masasi, jimbo la Ndanda lilimchagua Cecil Mwambe kwa tiketi ya CHADEMA mwaka 2015, na mwaka 2020 likampata Mwambe yule yule akiwa CCM. Mtu akivuka na kiti chake namna hiyo bila kubadili neno moja kuhusu korosho, basi au vyama vyote vina msimamo mmoja au havina msimamo.

Lakini pia tumeonyesha kwamba inawezekana. Januari 2025 Lissu na Freeman Mbowe walishindania uenyekiti wa CHADEMA. Miezi kabla ya kura kila mtu, hata asiye na kadi, alijua Lissu anataka nini na Mbowe anataka nini, wapi wanatofautiana kuhusu kuzungumza na Serikali na kuhusu kwenda kwenye uchaguzi bila mabadiliko. Kura zilihesabiwa usiku kucha nchi ikitazama, Lissu akapata 513 na Mbowe 482. Maneno makali yalikuwepo, yapo mengine yaliyopita mpaka, lakini waliochagua walichagua msimamo.

Wenzetu wengine wametembea njia hii kwa mateso. Kenya mwaka 1988, KANU ilipanga watu mlolongo nyuma ya picha za wagombea, aliyepata asilimia 70 akawa mbunge moja kwa moja, na aliyekuwa na mstari mfupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Marekani, jimbo la Wisconsin lilichoka na wakubwa wa vyama waliokuwa wakiteua watu vyumbani, likatunga sheria mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mgombea wa chama achaguliwe na wapiga kura wenyewe. Ndiyo maana hadi leo mtia nia kule anabanwa hadharani: kodi unasemaje, shule unasemaje. Fedha nako zinamwagwa, tena kwa mamilioni, lakini msimamo wake unabaki kwenye kumbukumbu na akigeuka anasutwa.

Pale Mkunya nilipofika hapa, bibi mmoja alinyoosha mkono. Akasema: mjukuu wangu, maneno yako nimeyasikia, lakini mimi sina kadi, na ukumbini siingii. Hilo swali la ushuru nitamuuliza nani?

Nikamwambia, bibi, tangu 2025 wajumbe wameshuka hadi matawini. Mjumbe hatoki Dodoma. Anachota maji kwenye bomba lenu, korosho zake zinapimwa kwenye mizani ya chama chenu cha msingi, na salfa ikikosekana na yeye inamkosa. Mwulize yeye, tena usingoje Julai atakapokuwa na bahasha. Muulize sasa, kabla ya 2030, akiwa na njaa kama wewe. Unamjua mjumbe wa tawi lako?

Watu wakaanza kucheka kabla hajajibu. Kumbe mjumbe ni mkwewe, na bibi, kwa heshima ya ukwe, hawezi kumkabili kwa maneno makali. Kina mama wakashauriana palepale, wakamteua shangazi mtu aende kwa niaba yake. Walikubaliana aende Ijumaa.